Picha Ziko Ulaya, Wewe Uko Lodwar: Pesa Zitafikaje kwa Simu?

Tuseme wewe ni mpiga picha. Una studio ndogo mjini Lodwar, au chumba cha mabati kule Kakuma chenye kompyuta moja na feni isiyotosha. Kwa miaka umepiga picha za wavuvi wa Kalokol, akina mama wanaosuka vikapu vya mkoma, na vijana wa Kalobeyei wakicheza mpira jioni vumbi likiwa juu. Siku moja unapata ujumbe kutoka mji mdogo wa Ujerumani. Mwandishi ana ukumbi wa sanaa, chumba kimoja tu chenye kuta nyeupe na dirisha linaloangalia barabara. Ameona picha zako Instagram na anataka kutundika kumi na mbili kwa mwezi mmoja. Tena ana rafiki mwenye ukumbi kama huo Ubelgiji, na mwingine Uingereza. Maonyesho yatazunguka.

Furahia, ni haki yako. Lakini kabla hujaandika "sawa kabisa", jiulize jambo moja: picha ikiuzwa Jumamosi jioni kule, pesa zake zitapita wapi mpaka zifike kwa simu yako, na zikifika zitakuwa zimebaki ngapi?

Wakenya wameshatembeza picha zao nje. Thandiwe Muriu wa Nairobi, kwa mfano, mfululizo wake wa Camo umefika mbali, na anawakilishwa na 193 Gallery ya Paris. Jumba la kiwango hicho lina watu wa mikataba na watu wa hesabu. Ukumbi mdogo ni kitu kingine. Mara nyingi ni mtu mmoja: ndiye anayepigilia misumari, ndiye anayemimina divai siku ya ufunguzi, na ndiye anayejumlisha mauzo saa tano usiku. Si mwizi. Ni mtu aliyechoka, na usipomwambia mapema ulipwe vipi, atakulipa kwa njia iliyo rahisi kwake, wakati ulio rahisi kwake.

Nusu ya nini?

Ukumbi wa sanaa kwa kawaida huchukua kamisheni ya asilimia 40 hadi 50 ya mauzo. Hiyo si dhuluma, kodi ya nyumba na umeme wa kule si mchezo. Shida iko kwenye neno "nusu". Nusu ya bei iliyoandikwa ukutani? Au nusu ya kinachobaki baada ya kodi ya mauzo, ambayo Ulaya huwa tayari iko ndani ya bei ile mnunuzi anayoiona? Na fremu je? Kama ukumbi ulinunua fremu kumi na mbili, gharama inakatwa kabla ya kugawana au inatoka kwenye upande wako peke yako? Maswali haya yanajibika kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp, ila lazima uulizwe kabla ya ufunguzi. Ukiuliza baada ya mauzo, tayari ni ugomvi.

Tukiwa hapo hapo kwenye kodi, kuna kanuni moja ambayo wapiga picha wengi wa huku hawajaisikia. Sheria za kodi za Umoja wa Ulaya, na za Uingereza pia, huihesabu picha kuwa kazi ya sanaa pale tu inapokuwa imepigwa na msanii, imechapishwa na yeye mwenyewe au chini ya usimamizi wake, imesainiwa, ina namba, na nakala zake zote hazizidi 30, ukijumlisha saizi zote. Ikitimiza hayo, kodi ya kuiingiza hupungua sana: Uingereza inashuka hadi asilimia 5 badala ya 20. Kwa hiyo ile "4/30" iliyoandikwa kwa penseli chini ya picha si mapambo. Na ukisema 30 iwe 30 kweli. Usije ukachapisha ya 31 kwa ajili ya shemeji.

Jina, jina, jina

Ukisoma sehemu moja tu ya somo hili, soma hii. Pesa kutoka nje hutumwa kwa namba na kwa jina. Mtumaji anaandika jina lako, na kampuni inayopitisha pesa inalilinganisha na jina lililosajiliwa kwenye laini. Yakipishana, pesa zinaweza kusimama njiani au kurudi zilikotoka, na ada ya kutuma haurudishiwi kila mara.

Kwa mtu wa Lodwar mwenye kitambulisho cha taifa, mara nyingi kosa ni dogo: jina la usanii. Mitandaoni unajulikana kwa jina moja, kwenye laini yako kuna mengine matatu. Mwenye ukumbi hajui hayo matatu, yeye anaandika lile lililo chini ya picha. Mpe jina la laini kwa maandishi, herufi kwa herufi, umwambie wazi kwamba la usanii ni la ukutani tu.

Kakuma mambo yanakuwa mazito zaidi. Kambi ilianza 1992, na watu wake wamepitia madawati mengi ya kuandikishwa, kila dawati na kalamu yake. Msomali anayeandika Maxamed kwa tahajia ya kwao ataandikwa Mohamed kwenye karatasi moja na Muhammad kwenye nyingine. Cabdi anakuwa Abdi. Mkongo jina lake la ukoo linatangulia hapa na linafuata pale. Mtu ni yule yule, lakini kompyuta haijui hivyo. Toa hati yako, fungua simu, linganisha. Yakitofautiana, nenda kwenye duka la huduma na hati yako halisi urekebishwe sasa, wakati hakuna pesa zinazosubiri. Kurekebisha jina huku yuro mia tatu zimekwama ni presha usiyoihitaji.

Halafu kuna lile linalosemwa kwa sauti ya chini. Wapo wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha rafiki, kwa sababu wakati wanaichukua hawakuwa na hati iliyokubalika. Tunaelewa ilivyokuwa. Lakini kisheria pesa zilizo kwenye laini ile ni za aliyesajiliwa. Rafiki akihamishiwa Canada, au mkikosana, anaweza kwenda kufanya laini ibadilishwe na wewe ukabaki na kadi isiyoshika mtandao. Kwa shilingi mia mbili za sukari labda unakubali hatari hiyo. Kwa kazi ya miaka mitano, hapana. Kama sasa una kitambulisho cha mkimbizi, uliza usajili wa laini yako mwenyewe kabla hujampa mtu wa nje namba yoyote.

Ankara fupi, hesabu ndefu

Mwenye ukumbi anahitaji karatasi ya kuonyesha mhasibu wake. Mwandikie ankara hata kama hajaomba. Isiwe na maneno mengi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Ankara namba 1. Picha 3 zilizouzwa kwenye maonyesho, bei ya ukutani yuro 200 kila moja. Mgao wa mpiga picha kama tulivyokubaliana, asilimia 50: yuro 300. Zitumwe kwa pamoja, ndani ya siku 14 baada ya maonyesho kufungwa. Ada ya kutuma italipwa na mtumaji. Jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye laini: … Namba, kuanzia na +254: …"

Kwa nini "kwa pamoja"? Tupige hesabu kwa namba za mfano tu. Kumbi zote tatu zimeuza picha tisa, yuro 200 kila moja. Jumla ni 1,800, nusu yako 900. Tuseme kila utumaji una ada ya yuro 12. Ukitumiwa kila picha inapouzwa, ada ni mara tisa, yaani yuro 108, zaidi ya mgao wa picha nzima. Ukitumiwa mara moja kwa kila ukumbi, ada ni 36. Ukisubiri ziara yote iishe ulipwe mara moja, ada ni 12 tu, ila sasa umeacha pesa zako mikononi mwa watu watatu kwa miezi. Ukumbi mmoja ukifunga milango katikati, hizo yuro 24 ulizookoa hazitakufariji. Sisi tungechagua mara moja kwa kila ukumbi.

Sasa njoo kwenye kiwango cha kubadilisha, hapo ndipo pesa hupotea kimya kimya. Tuseme yuro kwenye taarifa za soko ni shilingi 150, lakini kampuni inayotuma inakupa 145. Haijaandikwa popote kama ada. Ukitoa 36 za kutuma, umebaki na yuro 864. Kwa 145 unapata shilingi 125,280. Kwa 150 ungepata 129,600. Tofauti ni 4,320, pesa ya karatasi nyingi za kuchapishia. Kwa hiyo usimuulize mtumaji "ada ni ngapi?" peke yake. Muulize: "Nikutumie ankara ya yuro 300, simu yangu itaingia shilingi ngapi?" Kampuni nyingi huonyesha jibu kwenye skrini kabla mtumaji hajabonyeza kutuma. Apige picha ya skrini akutumie. Alinganishe kampuni mbili. Ni dakika tano zake.

Kuhusu kikomo: Kenya kwa sasa simu inaweza kubeba hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja ni hadi 250,000. Kwa wengi wetu hiyo si shida ya leo. Lakini kama akaunti tayari ina pesa za kikundi au za harusi ya ndugu, malipo makubwa yanaweza kukosa nafasi ya kuingia. Pakua kwanza, au mpe akaunti ya benki.

Mnunuzi mkarimu kupita kiasi

Ukishaanza kuonekana nje, utaandikiwa na watu wengine pia. Mmoja atakuambia ameipenda sana picha ya mzee wa ekicholong na anataka nakala nne haraka, ni zawadi ya mke wake. Atalipa kwa kadi. Halafu "kwa bahati mbaya" analipa zaidi, tuseme dola 900 badala ya 400, na anakuomba utume zile 500 za ziada kwa msafirishaji wake, kwa simu, leo hii, kwa sababu gari linaondoka. Wewe unaona 900 zimeingia, unatuma 500. Wiki kadhaa baadaye kadi inagundulika ni ya wizi, benki inarudisha zote 900 kwa mwenyewe, na 500 zako zimeshatolewa kwa wakala mahali usipopajua. Picha nazo zimekwenda.

Hakuna mnunuzi wa kweli anayehitaji umlipie msafirishaji wake. Akizidisha, mwambie malipo yote yarudishwe kwa njia ile ile yaliyokujia, kisha alipe upya kiasi sahihi. Wa kweli atakubali bila neno. Vivyo hivyo "ukumbi" unaokualika halafu unadai amana ya ukuta kabla ya lolote: mwombe picha za maonyesho matatu yaliyopita, kisha waandikie wasanii walioonyeshwa. Ukumbi halisi hautakasirika.

Mama aliye kwenye picha

Kuna malipo mengine, ya upande wa pili. Yule mama wa Kalokol ambaye uso wake sasa uko ukutani Ubelgiji, alikubali nini hasa siku ile? Kupigwa picha, au kuuzwa picha yake? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu sura ya mtu kuwa taarifa yake binafsi. Rudi kwake na simu, umwonyeshe. "Mama, hii nataka kuiuza nje. Ikiuzwa, nitakutumia sehemu yako." Akikataa, unayo mengine kumi na moja. Kakuma uliza mara mbili, kwa sababu wapo waliokimbia watu maalum, na watu hao nao wanasafiri, nao wana Instagram.

Akikubali, andikeni asilimia. Tuseme ni kumi ya kilichoingia kwa picha yake. Tuma kwa simu yake, si kwa mkono wa mtoto wa jirani, ili wote wawili mbaki na ujumbe wa kuthibitisha. Kama hana simu, achague yeye mwenyewe nani ampokelee.

Siku ya kushusha

Maonyesho yakifungwa kwenye ukumbi wa mwisho, picha ambazo hazikuuzwa bado ni zako. Kama zilisafiri kutoka Nairobi kwa ndege, tunza karatasi za kutoka, zenye orodha ya kila picha na namba yake. Zikirudi bila ushahidi kwamba zilitoka hapa, forodha itaziona kama bidhaa mpya. Kama zilichapishwa hukohuko kwa faili ulizotuma, kuzirudisha huenda kukagharimu kuliko thamani ya karatasi. Wengine hukubaliana ukumbi uziharibu na kutuma video fupi ya tukio hilo, namba za nakala zikionekana, ili hesabu ya 30 isivurugike. Wengine humwachia mwenye ukumbi ziuzwe polepole.

Ukimwachia, andika tarehe ya mwisho, na useme pesa zitumwe kwa masharti yale yale ya ankara ya kwanza. Pia mwambie namba yako isipobadilika. Na kama utabadilisha laini, yeye awe wa kwanza kujua, kwa simu ya sauti, si kwa ujumbe tu. Ujumbe wa "nimebadilisha namba, tuma kwa hii" hata matapeli wanajua kuuandika.