Kwa Nini Mgonjwa wa Kichaa cha Mbwa Huogopa Maji

Wengi hudhani ni wazimu. Sivyo. Mgonjwa ana kiu, na mara nyingi akili zake zi timamu. Kilichoshambuliwa ni shina la ubongo, yaani sehemu inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, ambayo husimamia kumeza na kupumua. Akijaribu kunywa, misuli ya koo na ya kuvuta pumzi hukazana kwa maumivu makali. Baadaye hata kuyaona maji tu, au kupulizwa na upepo, hutosha kumkaba.

Virusi huingia jerahani kwa mate ya mbwa, vikapanda polepole kupitia neva, kwa kawaida kwa wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Huo ndio wakati wa kuokoa maisha. Dalili zikishatokea, karibu wote hufa.

Machakos waujua ugonjwa huu. Uchunguzi wa 1992-93 katika kata ndogo sita ulikadiria visa 860 kwa kila mbwa 100,000 kwa mwaka. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, hata kama ni mkwaruzo tu na mbwa ni wa jirani.