Kupunguza Uzito Katika Umri wa Makamo: Kuanza kwa Namna Inayodumu



Kwa muda mrefu kitambi kimehesabiwa katika jamii yetu kuwa ishara ya neema. Mtu akinenepa huambiwa kwamba maisha yamemkubali. Akipungua huulizwa anaumwa nini. Lakini uzito uliozidi huandamana na shinikizo la juu la damu, kisukari cha ukubwani, kiharusi na maumivu ya magoti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Somo hili limekusudiwa kwa mkazi mwenye umri wa miaka 40 hadi 60 anayetaka kupungua na kubaki amepungua. Hoja yake ni moja: chagua mabadiliko madogo unayoweza kuyashika kwa miaka mingi, kwa kuwa mfungo mkali wa wiki mbili huisha, na kilo hurejea.

Ni nini hubadilika mwilini?

Wengi huamini kuwa mtu akifika miaka 40 mwili huwa mzito kuchoma chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, ulionesha kuwa ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hubaki karibu yaleyale tangu miaka 20 hadi 60. Kinachobadilika zaidi ni maisha yetu. Misuli hupungua polepole isipotumiwa. Aliyekuwa akienda shambani kwa miguu sasa hupanda bodaboda. Kipato kikiongezeka, mafuta, nyama, soda na bia huongezeka mezani. Kwa wanawake, kukoma kwa hedhi nako husababisha mafuta kukusanyika zaidi tumboni. Umri, basi, si hukumu. Mengi kati ya hayo yamo mikononi mwetu.

Anza kwa kupima

Vipimo viwili vinatosha kwa kuanzia. Cha kwanza ni uwiano wa uzito na urefu: gawanya uzito wako wa kilo kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 85 na urefu wa mita 1.65 hupata takriban 31. Kwa mtu mzima, 18.5 hadi 24.9 ni uzito unaofaa, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri.

Cha pili ni mzunguko wa kiuno. Tumia futi kamba kama ile ya fundi cherehani, uipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi. Hatari huanza kuongezeka kwa mwanamke anayezidi sentimita 80 na mwanamume anayezidi sentimita 94. Andika vipimo hivyo katika daftari pamoja na tarehe. Fika pia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe ili upimwe shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza.

Sahani hutangulia

Wapo wanaoanza kwa mazoezi peke yake na kukata tamaa wasipoona mabadiliko. Tunalo funzo kutoka hapa nchini. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya Wahadzabe waishio karibu na Ziwa Eyasi, ambao hutembea kilomita nyingi kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwendo una faida kubwa kwa moyo na misuli, lakini kilo hupungua hasa kwa kubadili kinacholiwa.

Hesabu ndogo hubainisha jambo hili. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia vina takriban kilokalori 240. Mtu wa kilo 80 anayetembea kwa haraka nusu saa hutumia kati ya kilokalori 140 na 180. Kuacha vijiko hivyo viwili ni rahisi kuliko kuvifidia kwa miguu.

Mabadiliko yafuatayo yanafaa katika jiko lolote la kwetu:

1. Pima mafuta kwa kijiko. Usimimine kutoka kwenye chupa au dumu.
2. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, hadi ulimi uzoee. Soda ya chupa moja ya mililita 350 ina sukari inayozidi gramu 30. Maji ya kunywa hayana.
3. Jipakulie katika sahani yako mwenyewe badala ya kula katika sinia, ili ujue kiasi ulichokula. Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha, matembele au kabichi. Robo iwe ugali, wali au ndizi. Robo iwe maharage, dagaa, samaki au nyama isiyo na mafuta mengi.
4. Chipsi, maandazi, chapati na pombe viwe vya siku maalumu, visiwe vya kila siku.

Kwa kuwa chungu cha nyumbani ni kimoja, zungumza na mwenzi wako au yeyote anayepika. Chakula hiki kinafaa familia nzima, ila watoto wanaokua wasipunguziwe kiasi chao.

Mwendo hulinda misuli

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mwendo wa wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Kutembea kwa haraka, kulima na kuendesha baiskeli vyote vinahesabiwa. Kwa mazoezi ya nguvu, keti na kuinuka kitini mara kumi bila kujishika, pumzika, kisha rudia.

Lengo dogo lina faida kubwa

Marekani ilifanya utafiti mkubwa, uliochapishwa mwaka 2002, kwa watu 3,234 wenye sukari iliyoanza kupanda. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 51. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Katika muda wa takriban miaka mitatu, hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 katika kundi hilo. Miaka kumi baadaye, ingawa wengi walikuwa wamerudisha sehemu ya kilo zao, hatari ilikuwa bado chini kwa asilimia 34.

Kwa mtu wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo 6 tu. Akipunguza nusu kilo kwa wiki, atazifikia kwa wiki 12. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ileile. Kilo zikirejea baada ya sikukuu au msiba, usianze upya kwa kujinyima. Rudi kwenye kijiko cha mafuta na mwendo wako.

Majirani watauliza, na baadhi watanong'ona kuhusu maradhi. Jibu lifaalo ni fupi: "Napunguza kwa ushauri wa zahanati."

Tahadhari

Anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu amwone mtoa huduma kabla ya kupunguza chakula, maana dozi huenda ikahitaji kurekebishwa. Mjamzito asijaribu kupunguza uzito. Anayepungua bila kukusudia afike kituoni mapema, kwani hiyo yaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari au ugonjwa mwingine. Epuka vidonge na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani bila kuthibitishwa.

Kazi ya juma la kwanza

Pima kiuno na uzito, andika. Chagua badiliko moja la chakula. Tembea nusu saa kwa siku tano. Juma la pili, endelea na hayohayo kabla ya kuongeza jingine.