Nyaya za Umeme Zikipita Shambani Kwako

Siku za ukungu, njia ya umeme wa kilovolti 220 itokayo Makambako kwenda Songea hunguruma. Mngurumo huo ndio huamsha swali la wengi wanaoishi kando yake: je, nyaya hizi zinaleta saratani?

Mngurumo wenyewe hauna neno. Kinachochunguzwa ni uga wa sumaku, usioonekana wala kusikika. Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka kwenye kundi 2B, yaani huenda unasababisha saratani, kwa sababu leukemia ya watoto ilionekana kuzidi katika nyumba zenye wastani wa uga unaopita mikrotesla 0.3 hadi 0.4. Kwamba uga ndio chanzo, haijathibitishwa. Nguvu yake pia hushuka upesi kadiri mtu anavyosogea mbali na nyaya.

Kwa hiyo anayekwenda mahakamani na hoja ya saratani peke yake ana kazi kubwa ya kuthibitisha. Ardhi ni hoja nzito zaidi.

Ibara ya 24 ya Katiba ya Tanzania inalinda mali, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Sheria ya Uthamini ya 2016 imeweka muda: fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini; ikipita, riba inahesabiwa, na baada ya miaka miwili uthamini unarudiwa. Muda huo si wa kupuuzwa. Wananchi wa Ludewa waliopisha mradi wa madini wa Liganga na Mchuchuma walisubiri miaka mingi hadi 2023, zilipolipwa zaidi ya shilingi bilioni 15. Nakala ya fomu ya uthamini basi isikose nyumbani.

Aliyejenga ndani ya mkuza, yaani ukanda wa ardhi ulioachwa kwa ajili ya nyaya, baada ya kulipwa hana dai, na hatari inayomkabili ni kupigwa na umeme.

Afya nayo haijaachwa. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na cha 5 kinamruhusu kushtaki. Serikali ya kijiji inaweza pia kuiandikia Tume ya Nguvu za Atomiki kuulizia vipimo.

Kuishtaki TANESCO, shirika la umma la umeme, kunahitaji notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa kwenye kesi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.