Dondoo muhimu: Gurudumu la Land Rover ya zamani linapogoma kutoka

Land Rover ya Series III, toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1971, ikiegeshwa misimu kadhaa ya mvua chini ya mwembe pale Ng'ambo, Tabora, kutu hugandisha rimu kwenye habu. Nati zote tano zinaweza kutoka na gurudumu lisitikisike.

Chini kwanza. Fundi makini hulegeza nati nusu mzunguko kabla ya kupiga jeki. Magurudumu mengine huwekewa mawe mbele na nyuma, kwa sababu breki ya mkono ya gari hili hushika shafti ya nyuma: gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, gari laweza kuondoka.

Thredi. Nati za Land Rover hufunguka kushoto. Malori ya zamani ya Bedford ni mengine: upande wa kushoto hufunguka kulia, na anayelazimisha hukata stadi.

Mafuta. Ya kulegeza kutu hunyunyizwa katikati ya habu na kuachwa usiku kucha, yasiguse breki.

Kugonga. Gari likiwa juu ya stendi, nati mbili huachwa zimeshika kidogo. Kipande cha mninga huegemezwa kwenye rimu kwa ndani, kisha hugongwa kwa nyundo huku gurudumu likizungushwa.

Moto ni marufuku. Tairi lenye upepo hupasuka.

Kurudisha. Habu husuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa grisi kiduchu. Thredi huachwa kavu. Nati hukazwa kwa msalaba, kisha hukaguliwa baada ya kilomita 80 hivi.