Viatu vimebana, nivirudishe vipi China?

Swali: Niko Morogoro. Nimeagiza viatu China, vimebana. Mzigo nimeshausaini posta na kuufungua. Naweza kuurudisha bure?

Jibu: Ungeukataa pale dirishani kabla ya kusaini, ungerudishwa kwa aliyeutuma. Sasa ni safari mpya, na nauli mpya. Muulize muuzaji kwanza nani analipa na utume anwani gani. Ile ya kwenye boksi mara nyingi siyo. Kwenye fomu ya forodha, CN 23, weka alama penye bidhaa zinazorudishwa, usidanganye kuwa ni zawadi. Risiti itunze: ile namba ya herufi na tarakimu 13, inayoishia na TZ, ndiyo ushahidi wako muuzaji akikana. Ila kama ni viatu vya bei chee, mimi ningempa mdogo wangu.