TUSIWAHUKUMU WAHUSIKA KABLA YA KUWASOMA
(Somo la fasihi kutokana na tamthilia "Mzalendo Kimathi")

Mpenzi msomaji,

Mwaka huu nimetwikwa kazi ya kuandika ukurasa wa fasihi, ukurasa ambao, tuseme kweli, wengi wetu huufungua juma moja tu kabla ya mtihani. Naomba mara hii uusome mapema, kwani nina jambo la kukiri.

Sisi wanafunzi tumezoea kukariri. Mwulize mwenzako aeleze sifa za mhusika fulani naye atakujibu kama anayesoma orodha ya kwenda dukani: jasiri, mkarimu, mwenye tamaa, msaliti. Mwulize amejuaje, atatazama dari. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo hadi muhula wa pili, katika ile baridi ya Julai ambayo kila mtu wa Nyeri anaijua, ukungu ukiwa umeshuka hadi uwanjani na mlima hauonekani kwa wiki nzima. Chama kilikuwa kikisoma "Mzalendo Kimathi" kwa sauti, kila mtu na nafasi yake. Mimi nilipewa kuzungumzia wasaliti. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikasema: "Hawa ni wasaliti. Basi, hakuna zaidi. Hata huku kwetu walikuwako, wakiitwa ngati, na kila mtu anajua walivyokuwa." Kisha nikaigiza ngati akitembea kwa maringo na mkuki wake. Wenzangu wakaangua kicheko na kunipigia makofi.

Mwalimu mlezi wa chama akaniuliza, "Umemaliza?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona hujaanza?"

Makofi yakakoma. Makala haya ni jaribio langu la kuanza.

TAMTHILIA YENYEWE

Tamthilia hii iliandikwa kwa Kiingereza na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ikachapishwa mwaka wa 1976, na Oktoba ya mwaka huo ikaigizwa katika Kenya National Theatre, jijini Nairobi. Aliyetufasiria kwa Kiswahili ni Raphael Kahaso. Waandishi wote wawili wametutoka, Mũgo mwaka wa 2023 na Ngũgĩ mwaka wa 2025. Mũgo alikuwa jirani yetu kabisa, mzaliwa wa Baricho, Kirinyaga. Kabla ya kuandika, wawili hawa walifunga safari hadi Karũna-inĩ, hapa hapa Nyeri, wakazungumza na watu waliomfahamu Kimathi.

Historia yenyewe kwa ufupi ni hii. Dedan Kimathi alizaliwa Tetu mwaka wa 1920. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, naye akawa miongoni mwa viongozi wa wapiganaji wa msituni. Tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi na kukamatwa kando ya msitu wa Nyandarua. Akashtakiwa mjini Nyeri kwa kosa la kupatikana na bastola, akahukumiwa Novemba, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti.

Kwa hivyo hiki ni kitabu cha nyumbani. Na hapo ndipo penye mtego: tunadhani tunakijua kabla ya kukifungua.

MAUDHUI NA DHAMIRA

Tuanze na msingi. Maudhui ni mambo yanayozungumziwa katika kazi ya fasihi. Dhamira ni lengo kuu linalomsukuma mwandishi ayazungumzie mambo hayo. Katika tamthilia hii utakuta maudhui ya ukoloni, ukombozi, usaliti, nafasi ya mwanamke na kukomaa kwa vijana. Dhamira inayoyaunganisha ni kumrudisha Kimathi mahali pake kama mzalendo, baada ya wakoloni kumwita gaidi.

Kosa letu kubwa ni kutaja maudhui kwa neno moja kisha kuweka kalamu chini. "Usaliti." Basi! Ni sawa na kuingia hoteli ya Karatina siku ya soko ukaagiza "chakula". Mhudumu atakuuliza: chakula gani? Githeri? Chapati na ndengu? Mtahini naye huuliza vivyo hivyo: usaliti gani? Kazi hii inasema nini kuhusu usaliti?

Hebu tujaribu pamoja. Kimathi akiwa kifungoni, anatembelewa na wageni mbalimbali. Wanakuja watu wa benki, mfanyabiashara, mwanasiasa, hata kasisi. Kila mmoja ana sababu yake tamu ya kumtaka alegeze msimamo. Hakuna anayemwambia, "Njoo usaliti wenzako." Mmoja anazungumza juu ya maendeleo, mwingine juu ya amani, mwingine juu ya roho. Sasa tunaweza kuandika sentensi kamili: tamthilia inaonyesha kwamba usaliti huuzwa kwa jina la busara. Hayo sasa ni maudhui yaliyopikwa yakaiva.

NJIA ZA KUMJUA MHUSIKA

(a) Matendo yake, na jinsi anavyobadilika. Watazame Mvulana na Msichana. Mwanzoni Mvulana anamkimbiza Msichana wakigombania pesa, naye Msichana anatoroka tu. Baadaye anakataa kukimbia tena. Mwishoni wanasimama pamoja mahakamani. Ukiandika kwamba Mvulana ni "mkorofi" umesema kweli ya mwanzo wa tamthilia tu. Mhusika akibadilika, jibu lako nalo libadilike.

(b) Jina lake, au kukosa jina. Mwanamke, mmoja wa wahusika muhimu kabisa na ndiye anayepanga mambo ya kumwokoa Kimathi, hakupewa jina. Je, ni dharau? La. Kwa kukosa jina anawawakilisha wanawake wote waliopeleka chakula, habari na silaha msituni. Waandishi wengine hufanya kinyume, wakaweka tabia ndani ya jina. Katika "Kidagaa Kimemwozea" cha marehemu Ken Walibora, yuko Mwalimu Majisifu anayejivunia mswada wa kijana Amani kama wake. Hapo jina limekwisha kutuonya.

(c) Yale wengine wasemayo juu yake. Hapa tahadhari, ndugu zangu. Mzungu wa kitabuni akimwita Kimathi mwuaji, hiyo si sifa ya Kimathi. Ni habari kuhusu msemaji. Jiulize kila mara: anayesema ni nani, na anapata nini?

(d) Uhusiano wake na historia. Mhusika si mtu halisi hata akiwa na jina la mtu halisi. Katika tamthilia, jaji anaitwa Shaw Henderson. Katika historia, jaji aliyemhukumu Kimathi alikuwa Kenneth O'Connor, naye Ian Henderson alikuwa afisa wa polisi aliyeongoza msako msituni. Waandishi wamemfanya mshtaki, mtesaji na hakimu kuwa mtu mmoja. Je, wamekosea historia? La, wanatuambia kwamba machoni pa mshtakiwa yule anayekusaka na anayekuhukumu ni serikali ile ile. Kumbukumbu za kesi yenyewe zilichapishwa kitabuni mwaka wa 2017, na anayetaka historia atazipata huko. Ebrahim Hussein naye alifanya kazi kama hiyo katika "Kinjeketile" (1969): alimtwaa mtu wa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, akamjenga upya kwa ajili ya jukwaa.

SHAHIDI ASIYEKUWA KITABUNI

Sasa nifike penye jambo langu la kukiri. Wakati wa likizo fupi nilikwenda kwa nyanya yangu, cucu kama tumwitavyo, upande wa Othaya. Tulikuwa jikoni akimenya viazi. Nikamwuliza, "Cucu, ngati walikuwa watu wa namna gani?"

"Nani anauliza?"

"Ni kitabu cha shule."

"Na kitabu kinasema nini?"

Nikamsimulia yote, hata jinsi nilivyoigiza na watu wakacheka. Hakucheka. Akamenya viazi viwili, vitatu, kisha akasema, "Baba yangu alikuwa ngati."

Nyumbani kwetu jambo hili halijawahi kutajwa. Cucu alikuwa na miaka kumi walipohamishiwa kijijini mwaka wa 1954, kijiji chenye handaki pande zote, na ndani ya handaki miti iliyochongwa ncha. Baba yake alilinda handaki hilo. Kaka yake mkubwa alikuwa msituni.

"Mchana baba alilinda asipite mtu wa msituni," akasema. "Usiku mlango wetu haukutiwa komeo. Kila usiku. Mama alikuwa akiamka kuutazama."

"Kaka yako alikuja?"

"Hakurudi."

Nilinyamaza. Akaniangalia, akaongeza: "Sasa wewe andika. Andika alikuwa ngati, kwa sababu alikuwa. Watu walipigwa na wenzake, yeye akitazama. Usimtakase. Lakini ukiandika, andika na mlango."

Mpenzi msomaji, nilikuwa nimesimama mbele ya chama kizima nikamcheka baba ya cucu yangu bila kujua. Na labda baadhi ya waliopiga makofi nao walikuwa wakiwacheka watu wao. Huku kwetu ni nyumba chache ambazo hazikuwa na mtu upande huu na mwingine upande ule.

Niliporudi shuleni niliandika upya insha yangu ya wasaliti, na mlango nikauweka katikati. Nilitarajia sifa. Mwalimu alinipa alama 13 kati ya 20, akapitisha kalamu nyekundu juu ya aya yangu nzuri kuliko zote, na pembeni akaandika: "Mlango huu haumo kitabuni. Utafute ulio humo."

Niliumia, sikufichi. Lakini nikapekua tena kurasa za msituni, na nikaupata. Kimathi anawahukumu wasaliti, na miongoni mwao yumo nduguye mdogo, Wambararia. Kiongozi huyu asiyetetereka mbele ya wakoloni anasita mbele ya ndugu. Anaahirisha adhabu, wasaliti wanatoroka, na kosa hilo linakuja kumgharimu. Mara ya kwanza nilikuwa nimeipita sehemu hiyo mbio mbio, kwa kuwa niliamini shujaa hana udhaifu. Kumbe huo ndio mlango wa Kimathi usiotiwa komeo!

Hapo nikaelewa mambo mawili. La kwanza, mhusika aliyejengwa vizuri ana sababu, na kueleza sababu si kufuta kosa. Wambararia anabaki msaliti. Kimathi anabaki shujaa. Lakini sasa tunawaona kama watu. La pili, maisha yetu yanaweza kutufungua macho, ila jibu la mtihani lazima lisimame juu ya kitabu. Bila cucu nisingeona. Bila kitabu nisingekuwa na la kuandika.

JINSI YA KUJIBU SWALI

Ukiulizwa kuhusu mhusika au maudhui, fuata hatua hizi:

1. Taja sifa au maudhui kwa sentensi kamili, si kwa neno moja.
2. Toa ushahidi: nani anafanya nini, wapi, kwa nani.
3. Eleza sababu inayomsukuma mhusika, kama kazi yenyewe inavyoionyesha.
4. Tafuta jambo linalopinga hoja yako. Jasiri anaogopa wapi? Mkatili analegea wapi?
5. Husisha na dhamira: mhusika huyu anamsaidia mwandishi kusema nini?

Hatua ya nne ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha aliyekisoma kitabu na aliyesoma mwongozo.

MAZOEZI

1. "Mwanamke ndiye mhusika mkuu wa kweli katika Mzalendo Kimathi." Jadili.
2. Linganisha hali ya Mvulana mwanzoni na mwishoni mwa tamthilia. Ni nini kilichombadilisha?
3. Huruma ya Kimathi kwa nduguye ni nguvu au udhaifu? Toa ushahidi wa pande zote mbili.
4. Chagua mhusika unayemchukia katika kitabu chochote tunachosoma. Andika ukurasa mmoja ukieleza sababu zake, bila kumtakasa.

Majibu ya swali la nne yaletwe chamani Alhamisi ya kwanza ya muhula ujao. Langu nitalisoma mbele, na safari hii sitaigiza mtu yeyote.

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu