Kunasa Mwendo kwa Kamera: Somo la Kupima na Kusafisha Takwimu

Watoto wa Kipawa, kama wenzao wa kwingineko Dar es Salaam, wanazijua katuni vizuri. Zile za Ubongo Kids zilianza kurushwa kutoka jijini humu mwaka 2014. Wasilolijua wengi ni kwamba baadhi ya vikaragosi vya sinema hupewa mwendo wa mtu halisi, ulionaswa kwa kamera. Katika makala haya tutaeleza jinsi mwalimu mwenye simu moja anavyoweza kulifanya jambo hilo kuwa somo la hisabati au sayansi kwa Darasa la Tano.

Ufundi huu una asili ya zamani. Katika miaka ya 1880 mtaalamu Mfaransa, Étienne-Jules Marey, alimvika mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe iliyofuata viungo vya mwili, akampiga picha mfululizo alipokuwa akitembea. Mwili ulipotea katika weusi, mistari ikabaki. Studio za leo hufuata njia hiyo hiyo: mwigizaji hubandikwa vitufe vinavyorudisha mwanga, na kila kitufe sharti kionwe na kamera mbili au zaidi ili kompyuta itambue mahali kilipo. Kabla ya kazi, fimbo yenye vitufe ambavyo umbali wake unajulikana hupungwa kila upande wa chumba, na kompyuta hupata vipimo vyake kutokana nayo.

Shuleni, fimbo hiyo ni rula ya mita. Isimamishwe pale pale atakaporukia kamba mwanafunzi, ipigwe picha, kisha iondolewe. Simu ifungwe imara, usawa wa kiuno, hatua tano au sita kutoka kwa mrukaji, ikimtazama ubavuni. Baada ya hapo isiguswe. Jua liwe nyuma ya simu. Alama za karatasi zibandikwe begani, nyongani, gotini na kwenye kifundo cha mguu. Karatasi nyeupe haionekani juu ya shati jeupe la shule, basi begani tubandike nyeusi. Sketi pana nayo huficha goti. Haifai kamwe mwanafunzi apandishwe sketi ili kipimo kipatikane, goti liachwe.

Video itazamwe picha moja moja, karatasi angavu ya plastiki ikiwa juu ya kioo cha simu, na wanafunzi watie nukta kwa kalamu. Simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde, hivyo ruko la sentimita 20 huchukua picha 12 hivi. Kimo cha nyonga katika kila picha kiandikwe kwenye jedwali.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Jedwali halitakuwa safi, na mwanafunzi aliyezoea kumpendeza mwalimu atapika namba. Tumfundishe tofauti. Tuseme nyonga ilikuwa sentimita 86, kisha mkono ukaificha, kisha ikawa 95. Pengo hilo ni la picha moja tu. Kuandika 90 au 91 ni halali, kwa sababu majirani wawili wanashuhudia. Kama jedwali linasomeka 95, 58, 100, tujue kuna kosa: nyonga haishuki na kupanda hivyo ndani ya sehemu ya thelathini ya sekunde. Huenda aliyepima alichukua alama ya goti. Hata kompyuta za studio hubadilishana alama namna hiyo. Mwanafunzi airudie picha yenyewe, asikisie.

Pengo la hatari ni lile la kileleni. Picha tano zikipotea hapo, kabla yake ni 95 na baada yake ni 95, mwanafunzi atajaza 95 kote na mstari utapendeza. Lakini atakuwa amekata sentimita 5, yaani robo ya ruko zima, na kikaragosi chenye mwendo huo kingeonekana kama kimegonga dari. Pengo la namna hii halijazwi, ruko lirudiwe.

Jedwali la kwanza lisifutwe kwa kifutio. La pili liandikwe pembeni yake, kila namba iliyojazwa ikizungushiwa duara na sababu yake ikiandikwa. Katika kusahihisha, tunapendekeza alama nyingi zaidi zitolewe kwa sababu hizo kuliko kwa uzuri wa grafu.